"Haijatoka, basi inakuja": hesabu ya uwezekano kwa karata za barazani

Kaa kwenye kijiwe chochote jioni, sentensi hii utaisikia kwa sura tatu. Kijana wa kwanza, macho kwenye simu, anasema timu yake imefungwa mechi tano mfululizo, kwa hiyo ya sita haina budi kushinda. Wa pili anacheza ule mchezo wa kamari wa kindege, ambao malipo yanakua kadiri kindege kinavyopaa, mpaka kilipuke. Kimelipuka mapema mara saba, na sasa anaongeza dau kwa sababu "safari hii lazima kipae". Wa tatu ni mzee aliyekaa barazani na wenzake watatu, karata mkononi, naye anaguna: "Ree ya kopa haijatoka. Iko hapa hapa."

Wote wamesema kitu kimoja: haijatoka, basi inakuja. Lakini mzee ana hesabu, kijana wa kindege hana, na yule wa mpira ameshika ushahidi akausoma kinyumenyume. Kuwatofautisha hakuhitaji digrii. Kunahitaji pakiti moja ya karata na kukumbuka namna ya kuzidisha sehemu, yale mambo ya shule ya msingi.

Si kila jambo ni nusu kwa nusu

Uwezekano ni namba inayosema tukio lina nafasi kiasi gani ya kutokea. Huanzia 0, yaani haliwezi kutokea, hadi 1, yaani litatokea tu. Kuipata ni hivi: hesabu matokeo unayoyataka, hesabu matokeo yote yanayoweza kutokea, kisha gawanya ya kwanza kwa ya pili. Anayependa asilimia azidishe kwa 100.

Kuna sharti moja ambalo watu hulisahau: kila tokeo liwe na nafasi sawa na jingine. Bila sharti hilo ndipo unapomsikia mtu akisema, "Ama nitapata ama nitakosa, kwa hiyo ni nusu kwa nusu." Kwa hesabu hiyo, ukitoka nje sasa hivi ama utakutana na simba ama hutakutana naye, basi mkazi wa Kariakoo angekutana na simba siku moja kila siku mbili. (Sizungumzii Simba, ile timu ya Mtaa wa Msimbazi.) Matokeo kuwa mawili hakuyafanyi yawe sawa.

Karata zinapendwa na walimu wa hesabu kwa sababu zinalitimiza sharti hilo bila ubishi. Migongo yote inafanana, na ukishachanga vizuri hakuna karata yenye haraka ya kutoka kuliko nyingine. Pakiti ya dukani, ukiondoa jokari, ina karata 52. Aina ni nne: kopa na uru ni nyekundu, shupaza na pau ni nyeusi. Kila aina ina karata 13: ree (ile yenye herufi A), mbili hadi kumi, na wazungu watatu, yaani mfalme, bibi na kijana.

Changa, funika, vuta moja. Ree ziko nne, kwa hiyo uwezekano wa kuvuta ree ni 4/52, sawa na 1/13, kama asilimia 7.7. Kopa ni 13/52, yaani robo. Nyekundu ni 26/52, na hapa ndipo "nusu kwa nusu" inapokuwa kweli. Ree ya kopa yenyewe ni 1/52, chini kidogo ya asilimia 2.

Je, ree au kopa, yoyote kati ya hizo? Wengi hujumlisha 4 na 13 wakapata 17. Wamemhesabu mtu mmoja mara mbili. Ni kama orodha za wageni wa harusi, moja ya ndugu na nyingine ya majirani. Shangazi anayekaa nyumba ya pili yumo kwenye zote, lakini atakula sahani moja. Ree ya kopa ndiye shangazi huyo. Mtoe mara moja, zinabaki 16, na jibu ni 16/52, kama asilimia 31.

Ree nne, watu wanne

Sasa tuhamie barazani, maana huko ndiko hesabu inakopata utamu. Kwenye mchezo wa karata uitwao wahedi wa sitini, nane, tisa na kumi zinawekwa kando. Zinabaki karata 40, kumi za kila aina. Wanacheza wanne, wawili wawili wakitazamana, kila mmoja na karata 10. Ree ina alama 11. Seti, yaani saba, ina 10. Mfalme anaitwa mzungu wa nne kwa kuwa ana alama 4, kijana ni mzungu wa tatu, bibi ni mzungu wa pili. Mbili hadi sita ni magarasa, hayana alama. Kila aina inabeba alama 30, zote nne 120, na ndiyo maana anayefikisha 61 ameshinda. Wareno wana mchezo wao uitwao Sueca wenye hesabu hii hii mpaka kwenye 61, na mtu asishangae: maneno karata, kopa, uru, shupaza, pau na turufu yote yametoka kwao.

Malalamiko ya barazani mnayajua. "Ree ziko nne, tuko wanne, mimi sina hata moja! Hizi karata hazikuchangwa." Mjuzi kidogo ataongeza na hesabu: nafasi yangu ya kupata ree moja ni 10/40, yaani robo, ree ni nne, robo nne ni moja kamili, kwa hiyo nilistahili.

Robo nne ni moja kamili, kweli, lakini hiyo ni wastani. Ukicheza raundi elfu moja, utapata takriban ree elfu moja. Haimaanishi kila raundi itakuletea moja, kama ambavyo mvua ya wastani ya mwezi haiji kidogo kidogo kila siku saa kumi. Tuhesabu, na kwa kuwa "angalau ree moja" kuna njia nyingi za kuipata, turahisishe kwa kuhesabu kukosa zote nne.

Fikiria nafasi 40 ambazo karata zitatua: kumi ni zangu, 30 ni za wengine. Uwezekano wa ree ya kopa kutua kwa wengine ni 30/40. Ikishatua huko, zimebaki nafasi 39, kati yake 29 ni za wengine. Kwa hiyo ree ya uru kunikosa ni 29/39. Ya shupaza ni 28/38, ya pau 27/37. Nataka yote manne yatokee, hili na lile na lile, na "na" kwenye uwezekano maana yake ni kuzidisha. Jibu linakuja 0.29987, yaani karibu kabisa na asilimia 30.

Kwa hiyo katika raundi kumi, hata mgawaji awe malaika, utashika karata zisizo na ree hata moja kama mara tatu. Mara tatu mfululizo je? 0.3 mara 0.3 mara 0.3 ni 0.027, kama mara moja katika 37. Mtu anayecheza raundi thelathini kila jioni ni nadra amalize wiki bila kuuonja msiba huo.

Na ule mgawo unaoitwa wa haki, kila mtu ree yake moja? Ree ya kwanza itue popote. Ya pili inatakiwa imkwepe mwenye ya kwanza: 30/39. Ya tatu iwakwepe wawili: 20/38. Ya nne imfuate aliyebaki: 10/37. Zidisha, unapata 0.109. Asilimia 11! Mgawo tunaoudai kila siku kama haki yetu hutokea kama mara moja katika migawo tisa. Mara nane zilizobaki kuna mwenye mbili au zaidi, na kuna asiye na kitu anayemtazama mgawaji kwa jicho baya.

Nakiri nilikuwa mmoja wao. Niliwahi kumkwepa jirani yangu mmoja kwa miezi, nikiamini ana ujanja wa kugawa, mpaka nilipoipiga hesabu hii nyuma ya karatasi iliyofungiwa vitumbua. Nilirudi barazani nikamkaribisha kahawa. Hakujua kwa nini, na sikumwambia.

Kumbukumbu ya karata

Rudi kwenye pakiti ya 52. Vuta karata, itazame, irudishe, changa tena, vuta nyingine. Uwezekano wa kupata ree mara zote mbili ni 4/52 mara 4/52, yaani 1/169. Sasa vuta ya kwanza uibakize mkononi, kisha vuta ya pili. Ikiwa ya kwanza ilikuwa ree, zimebaki ree tatu kati ya karata 51. Hesabu inakuwa 4/52 mara 3/51, yaani 1/221. Tofauti inaonekana ndogo, ila ndiyo inayomtenga mzee na kijana wa kindege.

Karata zisiporudishwa, pakiti inakumbuka. Kila iliyotoka imepunguza zilizobaki na kubadilisha nafasi za nyingine. Zikirudishwa na kuchangwa, kumbukumbu imefutwa. Na mtu asidhani kuchanga ni jambo dogo. Karata tatu zina njia 6 za kupangika, nne zina 24, tano 120, kumi zina 3,628,800. Karata 40 zina njia ambazo idadi yake ina tarakimu 48. Karata zikichangwa sawasawa, mpangilio wa jana hautegemewi kurudi leo, wala ree haina namna ya kujua kwamba jana ilikukosa.

Sasa mtazame mzee. Turufu, yaani aina inayozishinda nyingine, ni kopa, na ree ya kopa hana. Kabla hajafunua karata zake, ree hiyo ilikuwa na nafasi ya robo kwa kila mchezaji. Amefunua, hakuikuta. Zimebaki karata 30 asizoziona, kumi kwa kila mmoja wa wale watatu, kwa hiyo sasa ni theluthi kwa mwenzake na theluthi kwa kila mpinzani. Hakuna karata iliyohama. Kilichobadilika ni anachokijua yeye, na uwezekano hufuata kile unachokijua.

Mzunguko wa tatu wa kutupa karata unaanzwa kwa kopa. Mpinzani wa kulia anatupa pau. Sheria inamlazimu afuate aina iliyoanza, hivyo kama ametupa pau hana kopa hata moja. Theluthi yake imekufa pale pale. Ree ya kopa sasa ni nusu kwa mwenzake mzee na nusu kwa mpinzani wa kushoto. Wakati huo huo mzee anahesabu kopa zinazotoka, maana ziko kumi tu. Zikishatoka nane, yake mkononi ni ya tisa, ya kumi imebaki moja na anajua haiko kulia. Vijana husema mzee anaona karata kwa mgongo. Anaona kwa kutoa: kumi toa nane toa moja. (Kumkonyeza mwenzako nako hubadilisha uwezekano, lakini hapo tumetoka kwenye hesabu tumeingia kwenye adabu.)

Kwa hiyo akisema "haijatoka, basi iko hapa", amesema kweli. Karata 40 zilianza, ree ya kopa ni mojawapo, na haina pa kwenda.

Gurudumu halikumbuki

Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, kipira cha ruleti, mchezo wa kamari wa gurudumu, kilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Gurudumu lile lina vishimo 37: 18 vyekundu, 18 vyeusi, na sifuri moja. Kadiri nyeusi ilivyojirudia ndivyo watu walivyorundika fedha kwenye nyekundu, wakisema ni zamu yake. Walipoteza mamilioni ya faranga.

Walichanganya maswali mawili. La kwanza: kabla ya kuanza, kuna uwezekano gani wa nyeusi 26 mfululizo? Ni mdogo sana, kama 1 kati ya milioni 137. La pili: nyeusi zimeshatoka 25, kuna uwezekano gani wa nyeusi sasa? Ni 18/37, asilimia 48.6, kama ilivyokuwa asubuhi. Zile 25 zimeshatokea na hakuna anayezidai. Gurudumu halitupi vishimo vyeusi likabakiza vyekundu, kama pakiti inavyopungukiwa na kopa. Kila mzunguko ni pakiti mpya iliyochangwa.

Kindege ni gurudumu hilo hilo lililopewa mabawa. Kila raundi inaanza upya, na mara saba za kulipuka mapema hazijaweka akiba yoyote mahali.

Timu iliyofungwa mara tano si gurudumu wala si pakiti. Ina majeruhi, kocha ana mashaka, beki ni yule yule anayepitwa. Kufungwa mara tano ni habari, na habari yenyewe inasema timu ni dhaifu kuliko ulivyodhani. Kijana ameichukua habari hiyo akaifanya sababu ya kutumaini ushindi. Afadhali angekosa habari kabisa.

Na kwa kuwa tumegusa mpira, kanuni ya "na" ndiyo inayochana mikeka, yaani tiketi za kubeti mechi nyingi kwa pamoja. Tuseme umechagua timu nane za uhakika, kila moja ina uwezekano wa asilimia 70 wa kushinda. Unahitaji hii ishinde na hii na hii. Timu mbili: 0.7 mara 0.7 ni 0.49. Umeshashuka chini ya nusu na mkeka haujaanza kunoga. Timu nne: 0.24. Nane: 0.0576, chini ya asilimia 6. Yule anayelalamika kwamba "timu moja tu ndiyo imenichania" anaeleza jambo la kawaida kabisa, maana timu moja inatosha.

Tuendelee na mfano huo huo. Timu yenye asilimia 70 ingestahili odi, yaani namba inayozidishwa na dau ukishinda, ya kama 1.43. Tuseme kampuni inakupa 1.30, tofauti ambayo kwa timu moja huioni. Kwa timu nane, odi zinazidishwa zinafika 8.16, na mkeka wa shilingi 1,000 ukitiki unalipa kama 8,160. Inapendeza. Lakini weka mikeka mia ya namna hiyo: umetoa 100,000, itatiki kama sita, na utarudishiwa kama 47,000 hadi 49,000. Faida ya kampuni nayo imezidishwa kwa kila timu kati ya hizo nane, kimyakimya, pamoja na odi zako.

Karata tatu

Limebaki la stendi na la siku za gulio. Jamaa amepiga magoti mbele ya boksi, ana karata tatu, moja nyekundu mbili nyeusi. Anakuonyesha nyekundu, anazihamisha, unaambiwa uonyeshe ilipo. Ukipatia, dau linarudi mara mbili. Pata potea.

Hata ingekuwa halali, ni mchezo wa hasara. Uwezekano wa kupatia ni 1/3. Cheza mara tatu kwa shilingi 10,000: kwa wastani unapata 10,000 mara moja na kupoteza 10,000 mara mbili. Umeondoka pungufu ya 10,000. Watu hawaioni hesabu hii kwa sababu hawaamini kwamba wanabahatisha. Wanaamini wameiona karata.

Na hapo ndipo palipo na mtego. Jamaa ameshika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu moja chini, na anapozitupa wewe unadhani ametupa ya chini kumbe ametupa ya juu. Jicho lako limefuata karata isiyo yenyewe tangu mwanzo. Anayefumba macho na kuchagua ovyo ana theluthi yake. Anayekaza macho kufuatilia ana karibu na sifuri. Sharti la nafasi sawa, lile tuliloanza nalo, limevunjwa na vidole.

Yule kaka aliyevaa kofia, aliyeshinda mara mbili mbele yako bila jasho, ni wao. Yule mama aliyekunong'oneza "ni ya kushoto" ni wao pia. Na ikitokea kwa bahati umeweka kidole juu ya nyekundu yenyewe, mmoja wao ataweka dau kubwa kuliko lako ili lako lisihesabiwe, au atapiga kelele, "Askari!" Boksi litapigwa teke, karata zitaokotwa, kila mtu atakimbilia upande wake, na elfu kumi yako imekwenda na mmoja wao.